Nyumba si Zawadi ya Kupona

Taa ilipowaka nyekundu alisogea hadi dirishani, mkononi ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mzito: askari mstaafu, sina pa kulala, Mungu awabariki. Tulikuwa wanne ndani ya gari, Watanzania watatu na Mkenya mmoja, sote tumeishi Marekani miaka mingi. Tulikuwa tunatoka kwenye arobaini ya mwenzetu. Dereva akapandisha kioo.

"Hawa wamejitakia," akasema gari lilipoondoka. "Jeshi la nchi hii linakusomesha, linakutibu, linakupa pensheni. Ukimwona mtu katoka huko analala chini ya daraja, ujue ni unga huo, au pombe. Mpe nyumba leo, kesho kaigeuza kijiwe. Kwanza aache ulevi, ndiyo apewe."

Aliyekaa naye mbele akaunga mkono kwa methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Siku ile nilinyamaza. Dereva ni kaka mkubwa kwangu, na watu wanaotoka msibani hawabishani. Lakini maneno yale si yake peke yake. Nimeyasikia saluni, kanisani, kazini, na kwenye simu kutoka nyumbani, ambako wengi wanaamini kwamba Marekani hakuna anayelala nje ila aliyetaka mwenyewe. Tangu Julai 24, 2025 yamekuwa pia sera ya Ikulu ya Marekani, baada ya rais kutia saini amri inayoiagiza serikali iache kuunga mkono utaratibu unaoitwa Nyumba Kwanza. Rai iliyofika hapo haijibiwi kwa kunyamaza.

Nitaieleza kwanza kwa nguvu zake zote, asije mtu akasema napigana na kivuli. Ina hatua tatu. Ya kwanza: askari aliyekosa nyumba ana kasoro ndani yake, iwe ulevi, madawa, maradhi ya akili au vita vilivyomvuruga, na kasoro hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani. Ya pili: kwa kuwa chanzo ni kasoro, tiba ni kuiondoa. Aache pombe, ameze dawa, ahudhurie mafunzo, athibitishe amebadilika, na nyumba ije mwishoni kama cheti cha mhitimu. Ya tatu: kumpa nyumba kabla ya hapo ni kumdekeza, tena ni kumwonea anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kutafuta kodi yake.

Hoja hii ina sura ya busara, na wengi wanaoishika si watu wabaya. Lakini imekosea hatua zote tatu, na uthibitisho uko Marekani kwenyewe, kwa askari hawa hawa.

Tuanze na kasoro. Simama Kariakoo saa kumi na mbili jioni utazame daladala za Mbagala. Abiria ni mia, nafasi ni sitini. Nani atabaki kituoni? Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa miguu, mgonjwa anayetoka Muhimbili, kijana aliyelewa. Wenye nguvu wamepita dirishani zamani. Sasa aje mtaalamu na daftari awahoji waliobaki, akute wengi wana maumivu ya miguu na baadhi wamelewa, kisha aandike kwamba shida ya usafiri wa Mbagala ni miguu na pombe. Utamshangaa. Udhaifu unatueleza ni nani aliyeachwa. Kwamba ni lazima wawepo wa kuachwa, hilo linaelezwa na hesabu ya viti.

Nyumba za Marekani ziko hivyo hivyo. Jimbo la West Virginia limekaa miaka mingi kileleni mwa majimbo yanayopoteza watu kwa madawa ya kulevya, na hata hivyo watu wake wanaolala nje ni wachache ukilinganisha na California. Detroit ni jiji maskini kuliko San Francisco, na bado San Francisco ndiyo iliyojaa mahema. Ulevi ungekuwa ndio chanzo, ramani ya walevi na ramani ya wasio na makazi zingefanana. Hazifanani. Ramani inayofanana na ya wasio na makazi ni ya kodi za nyumba: pale kodi ilipopanda na vyumba vitupu vikaadimika, ndipo watu walipomwagika barabarani. Madawa yapo kila mahali, ila vyumba vya bei ya mnyonge havipo kila mahali.

Wapo wanaoishika rai hii kwa huruma. Hawasemi amejitakia, wanasema vita vimemharibu. Siwabishii kwamba vita huacha majeraha ambayo hayaonekani. Lakini huruma hiyo nayo inaishia palepale, kwamba tatizo limo kichwani mwa mtu. Marekani iliacha kuandikisha vijana jeshini kwa lazima mwaka 1973. Tangu hapo wanaoingia ni wa kujitolea, na kwa wengi wao jeshi ndilo mlango pekee wa ajira walioukuta wazi. Watafiti waliowachunguza wasio na makazi wa miaka ya 1980 na 1990 walikuta kwamba askari waliozidi sana uwiano wao hawakuwa wa Vietnam, walikuwa vijana wa jeshi hili la kujitolea, ambao wengi wao hawakuwahi kuona uwanja wa vita. Hawakuvunjwa na risasi. Walitoka kambini bila ufundi unaouzika, bila nyumba ya wazazi ya kurudia, katika miaka ambayo vile vyumba vya bei rahisi vya mijini vilikuwa vinabomolewa kupisha maghorofa.

Na ile pensheni aliyoitaja kaka yangu? Pensheni ya jeshi la Marekani kwa kawaida ni ya aliyetumikia miaka 20. Walio wengi humaliza mkataba mmoja au miwili, wakavua sare na kuondoka bila hiyo. Wengine wanaondoka na hati mbaya ya kuachishwa. Kijana anarudi kutoka Iraq halali usingizi, anaanza kunywa, anapigana, anakosa gwaride, anafukuzwa kwa hati ambayo si ya heshima. Hati hiyo inamfungia milango mingi ya huduma za maveterani, kwa hiyo ugonjwa ule ule uliomponza ndio unaomnyima tiba yake. Mpaka sheria ya Januari 2021 iliporekebisha, wengi wa hawa hawakuweza hata kupewa vocha ya nyumba waliyopewa wenzao.

Kulikuwa na mlango mwingine wa ajabu. Aliyejeruhiwa sana hulipwa fidia kubwa zaidi. Fidia hiyo ikahesabiwa kuwa kipato, na kipato hicho kikamfanya aonekane ana uwezo kupita kiwango cha anayestahili msaada. Kadiri mtu alivyoumia zaidi kwa ajili ya nchi, ndivyo alivyozidi kukosa sifa. Agosti 2024 ndipo Wizara ya Nyumba ilipobadili kanuni, fidia ya ulemavu isihesabiwe katika kuamua nani anastahili vocha ya maveterani. Miaka yote kabla ya hapo watu walikuwa nje kwa kosa la hesabu. Uwatibu pombe mara mia, hesabu ile isingebadilika.

Sasa hatua ya pili: atibiwe kwanza. Hapa nina ushahidi wa macho yangu, kwa sababu kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani, kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi huku tumeifanya. Mmoja wa wagonjwa wangu alikuwa mzee aliyepigana Vietnam. Nilimwita Mzee, akalipenda jina hilo na kulitamka kwa lafudhi yake. Alikuwa na kisukari, na mguu wa kushoto umebaki na vidole viwili. Alikuwa amelala nje miaka mingi kabla ya kupata chumba kimoja na jiko kwa vocha ya serikali.

Ufunguo wa chumba kile aliuvaa shingoni, kwenye mnyororo mmoja na vibati vyake vya jeshi. Majuma ya mwanzo hakulala kitandani. Alilala sakafuni karibu na mlango, viatu miguuni. Kilichonishangaza zaidi ni friji. Lilikuwa tupu, ila kwenye rafu ya mlango kilisimama kichupa kimoja cha insulini, naye alikuwa akilifungua, anakitazama kichupa, analifunga. Siku moja akanieleza. Alipokuwa nje insulini yake aliiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo lenye barafu aliyoomba kituo cha mafuta. Kufika adhuhuri barafu imekuwa maji ya vuguvugu na dawa iko hatarini kuharibika. Ile dawa ya presha inayomfanya mtu akojoe mara kwa mara aliiacha kabisa, maana hakuna duka lililomruhusu kuingia chooni. Barua za miadi ya hospitali zilitumwa kwenye anwani ambayo hakuwa nayo. Na katika faili lake, kila alipopelekwa hospitali amezidiwa, iliandikwa kwamba mgonjwa hafuati masharti ya dawa.

Alishapitia mipango mitatu ya kumtaka apone kwanza. Mmoja ulimtoa kwa kunywa. Mwingine ulimtoa kwa kuchelewa saa ya kufunga geti, usiku ambao alikuwa amekalishwa kwenye foleni ya hospitali. Unapomwambia mtu huyu apone ndipo apewe nyumba, unamwambia mgonjwa wa malaria ashushe homa kwanza ndipo umpe dawa. Friji ni sehemu ya matibabu. Choo ni sehemu ya matibabu. Anwani ni sehemu ya matibabu. Kitasa kinachofungwa kwa ndani, ili mtu alale saa saba bila kushika viatu vyake, hicho nacho ni dawa, na hakuna duka la dawa linalokiuza.

Je, Mzee aliacha pombe? Hakuacha. Alipunguza, tena si kila juma. Lakini vidole vile viwili vilibaki mguuni.

Mtu anaweza kusema hicho ni kisa kimoja. Basi twende kwenye hesabu. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza New York mpango wa kuwapa nyumba moja kwa moja watu wenye maradhi makubwa ya akili waliokuwa wanalala barabarani, bila sharti la kuacha pombe au kumeza dawa kwanza, huku wahudumu wakiwafuata huko huko walipohamia. Huo ndio utaratibu uliokuja kujulikana kama Nyumba Kwanza, nao uliwaweka ndani watu ambao mipango ya masharti ilishawakatia tamaa. Mwaka huo huo Wizara ya Nyumba na Idara ya Maveterani zilianzisha mpango wa pamoja unaoitwa HUD-VASH. Wizara inatoa vocha ya kodi, Idara inatoa mhudumu wa ustawi wa jamii anayemtembelea mpangaji, kumuunganisha na daktari, na kusuluhisha ugomvi na mwenye nyumba.

Mpango huo ulipimwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalihusu maveterani 460 wa San Francisco, San Diego, New Orleans na Cleveland, waliofuatiliwa kwa miaka mitatu. Kundi moja lilipata vocha na mhudumu, la pili mhudumu peke yake, la tatu huduma za kawaida. Waliopata vocha na mhudumu walikaa ndani ya nyumba siku nyingi kwa asilimia 16 kuliko waliopata mhudumu peke yake, na kwa asilimia 25 kuliko wa huduma za kawaida. Lisome vizuri kundi la pili, maana hao ndio waliopewa kile ambacho wapinzani wetu wanakitaka: msaada, ushauri, ufuatiliaji, bila ufunguo. Mhudumu hodari bila nyumba ya kumwonyesha mtu ni kama mganga aliyeandika dawa isiyopatikana popote.

Utafiti huo huo ulikuta pia kwamba tofauti ya ulevi na ya afya ya akili kati ya makundi haikuwa ya maana. Wapinzani hulitaja hili kwa ushindi, nami nalikubali lote. Nyumba haiondoi ulevi. Hatukuahidi hivyo. Swali halikuwa kuchagua kati ya mtu aliyepona aliye ndani na mgonjwa aliye nje. Lilikuwa kuchagua kati ya mgonjwa aliye ndani na mgonjwa yule yule aliye nje. Na kama kumpa nyumba kungekuwa kumdekeza, ulevi ungezidi kwa waliopewa. Haukuzidi. Hatua ya tatu ya hoja yao inaangukia hapo.

Halafu ikaja nafasi ya kulijaribu jambo hili kwa nchi nzima. Novemba 2009 Jenerali mstaafu Eric Shinseki, akiwa waziri wa masuala ya maveterani, alitangaza lengo la kumaliza tatizo hili ndani ya miaka mitano. Kuanzia 2008 Bunge lilikuwa limeanza kutoa maelfu ya vocha kila mwaka, na kwa jumla zimepita laki moja. Ukaongezwa mpango wa kusaidia familia zinazokaribia kufukuzwa, kwa kulipia malimbikizo ya kodi kabla vyombo havijatupwa nje. Mwaka 2012 Idara ya Maveterani ikaifanya Nyumba Kwanza kuwa sera yake rasmi.

Sensa ya usiku mmoja inayofanywa kila Januari ilihesabu maveterani zaidi ya 74,000 wasio na makazi mwaka 2010. Mwaka 2024 walikuwa chini ya 33,000. Wamepungua zaidi ya nusu. Lengo la miaka mitano halikutimia, na mwaka 2023 idadi ilipanda kidogo kabla ya kushuka tena. Lakini niambieni ni janga gani jingine la umaskini ambalo Marekani imelipunguza kwa zaidi ya nusu katika kizazi hiki.

Tazama Houston, mji usiojulikana kwa siasa za mrengo wa kushoto wala kwa kumwaga fedha za umma. Mashirika yaliyokuwa yanagombania wafadhili yaliketi meza moja, yakakubali orodha moja ya majina na mlango mmoja wa kuingilia. Watu maalumu wakapewa kazi ya kuzungumza na wenye nyumba tu, mmoja baada ya mwingine. Katika miaka kama mitatu maveterani zaidi ya 3,600 wakapata makazi, na Juni 2015 mji ukatangaza kwamba askari yeyote atakayekosa nyumba atapatiwa upesi. New Orleans ilishatangaza hivyo miezi mitano kabla yake. Watu wa Houston hawakuacha kunywa ghafla. Kilichobadilika ni hesabu ya viti.

Swali gumu kuliko yote nimeliacha hapa makusudi. Kama Nyumba Kwanza inafanya kazi, mbona idadi ya wasio na makazi wote Marekani ilifika zaidi ya 771,000 mwaka 2024, kubwa kuliko zote zilizowahi kuhesabiwa? Jibu limo ndani ya swali. Utaratibu ni mmoja, nchi ni moja, madawa ni yale yale, kodi ni zile zile. Kundi moja lilitengewa vocha za kutosha na wahudumu wa kutosha, likapungua kwa zaidi ya nusu. Waliobaki waliachiwa foleni ambamo takriban familia moja kati ya nne zenye sifa ndiyo inayopata msaada wa kodi, wakaongezeka. Ukiwapa dawa wagonjwa wa wodi moja wakapona, wa wodi ya pili usiowapa wakazidiwa, huendi kuilaumu dawa.

Naikubali pia lawama moja ya haki. Ipo mitaa ambako ufunguo ulitolewa na mhudumu akakosekana. Mhudumu mmoja anabebeshwa wapangaji wengi kuliko awezavyo, na mtu aliyezoea kelele za barabarani anafungiwa ndani ya kimya cha kuta nne. Upweke huo unaua. Mzee aliniomba zaidi ya mara moja nikae tu, nisifanye kazi yoyote. Lakini dawa ya nyumba isiyo na mhudumu ni kuongeza mhudumu. Sijaelewa mpaka leo kwa nini jawabu liwe kuiondoa nyumba.

Na wale wanaosema ni uonevu kwa walipa kodi? Mpangaji wa HUD-VASH hakai bure. Hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, husaini mkataba, na akivunja masharti hutolewa kama mpangaji mwingine. Wakati huo huo, sheria za kodi za Marekani humpunguzia mwenye jumba kwa ajili ya riba ya mkopo wake wa nyumba, na wanaofaidi zaidi ni wenye majumba makubwa. Huo nao ni msaada wa serikali wa makazi. Hakuna anayempima mkojo mwenye jumba kabla ya kumpa.

Kwa kweli serikali hazijawahi kukosa uwezo wa kuwapa askari makazi. Zimechagua tu ni askari gani. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hili kwa majina ya mitaa yetu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, ambamo makumi ya maelfu ya watu wetu walikufa kwa njaa na kuhara wakibeba mizigo ya Waingereza. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia zao. Mwaka 1919 serikali ya Waingereza hao hao ilianzisha mpango wa kuwapa askari wake wazungu mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Hakuna aliyesema kwanza waache wiski.

Marekani ina historia kama hiyo. Julai 28, 1932 maelfu ya askari wa Vita vya Kwanza waliokuja Washington kudai malipo waliyoahidiwa walifukuzwa na jeshi lao wenyewe chini ya Jenerali MacArthur, na vibanda vyao vya Anacostia vikateketea kwa moto. Aibu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa sheria ya 1944 iliyowadhamini maveterani wa Vita vya Pili mikopo ya nyumba. Mamilioni walipata nyumba bila kuulizwa kama wanakunywa. Lakini Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa, miwili tu ndiyo iliyokwenda kwa maveterani weusi. Leo weusi ni kama asilimia 12 ya maveterani wote, na takriban theluthi moja ya wasio na makazi kati yao. Babu aliyenyimwa nyumba hakuwa na nyumba ya kumrithisha mjukuu, na mjukuu alipovua sare hakuwa na pa kurudi. Hiyo ndiyo kasoro yao.

Kama bado kuna mwenye shaka, aende Los Angeles magharibi. Mwaka 1888 Arcadia Bandini de Baker na Seneta John P. Jones walitoa ardhi ili yajengwe makazi ya askari walemavu. Sehemu iliyobaki ni ekari 388, katikati ya mitaa ya matajiri. Kwa miongo mingi maelfu ya askari waliishi hapo, kisha makazi yakafungwa. Vipande vya ardhi vikakodishwa: uwanja wa besiboli wa chuo kikuu, viwanja vya michezo vya shule ya watu binafsi, hata kisima cha mafuta. Mwaka 2020 na 2021 maveterani walipiga mahema nje ya uzio wa ardhi hiyo, barabara ya San Vicente, kila hema limefunikwa bendera ya taifa. Ndani ya uzio, nyasi za besiboli zilimwagiliwa maji. Septemba 2024 Jaji David O. Carter, mwenyewe askari wa zamani wa Vietnam, aliamua kwamba mikataba ile haikuwa halali na akaagiza zijengwe nyumba 1,800 za kudumu. Serikali ikakata rufaa. Mei 2025 rais akaahidi kituo hapo hapo cha kuwahifadhi maveterani 6,000 ifikapo 2028, na miezi miwili baadaye akasaini ile amri niliyoanza nayo. Ahadi ya Mei nitaihesabu kwa funguo zitakazokabidhiwa. Amri ya Julai naipinga leo, kwa sababu inarudisha ule mlango wa masharti uliomtoa Mzee.

Jambo hili ni letu pia. Vijana wetu wamo katika jeshi hili. Mwishoni mwa 2008 Marekani ilipofungua njia ya wageni kujiunga na jeshi kwa ahadi ya uraia wa haraka, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Wengine wameshatoka. Kati yao atakuwapo atakayeshindwa kodi mwezi wa tatu mfululizo, na sitaki siku hiyo akutane na vioo vilivyopandishwa vya watu wa lugha yake.

Na ile methali? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeifikiria sana tangu siku ile, na naona inatetea upande wangu. Wazee wetu hawakusema mgeni alime kwanza ndipo aonyeshwe pa kulala. Siku ya kwanza alipewa maji, chakula na kitanda. Jembe lilikuja kwa mtu aliyeshiba na kulala, na asubuhi akatoka mlangoni kwenda shambani. Huyu wa kwenye taa nyekundu jembe lake alishalishika, tena la hatari. Kinachokosekana ni zile siku mbili.

Kaka, najua utayasoma haya. Una nyumba mbili za kupangisha mji huu, na uliwahi kuniambia kwamba tangazo lako linasema wenye vocha wasipige simu. Sikuombi sadaka. Sehemu ya serikali huingia kwenye akaunti kila mwezi, mpangaji analipa yake, na mhudumu ana namba ya simu utakayopiga pakiharibika kitu. Ulisema umpe nyumba leo, kesho ataigeuza kijiwe. Mimi nimekaa kwenye nyumba ya mtu wa namna hiyo, nimeosha vyombo vyake viwili, nimelifungua friji lake. Lifute lile tangazo, Kaka. Ule ufunguo tunaoutafuta nchi nzima, mmoja uko mfukoni mwako.